Siku Ma Immakulata Alipoukalia Mtumbwi

...na wewe unayekunja midomo kabla hujasikia neno, ikunje mpaka ikauke hivyo hivyo, nani kakuomba usadiki, hukuwapo, ulikuwa kwako unachambua maharage na majina ya watu, alikaa, ndiyo, alikaa, Ma Immakulata wa Nshambya, mjane wa Ta Ildefons, mama wa Jumuiya, mtu wa misa ya kwanza, alikaa na makalio yote mawili juu ya mtumbwi wa pombe wa marehemu mumewe, uliofudikizwa ukutani mle kibandani, na wala hakukaa kwa kiburi kama mtakavyokwenda kusema kisimani, alikaa kwa sababu ya goti, goti la kulia, ambalo halijawahi kufundishwa mila na mtu yeyote, alikuwa ameingia tu kumletea binti yake Elieth kikombe cha chai, mvua ndiyo kwanza imekatika, migomba nje inadondosha maji kidogo kidogo kama watu wanaonong'ona kanisani, akakiweka kikombe dirishani, goti likasema basi, mkono ukapapasa nyuma kutafuta chochote, ukakuta mgongo wa mti, mpana, laini, una joto la chini chini kama la ng'ombe aliyelala, na mwili ukashuka wenyewe kabla akili haijafika, akili ya uzee hufika imechelewa, inahema, inauliza, Immakulata, we Immakulata, umekaa wapi?

Kwa maana huu si mtumbwi wa ziwani, ya ziwani wanayo wavuvi wa visiwa vya Muleba, huu ni wa kukanyagia ndizi, gogo moja la muhumula lililochimbwa likapata tumbo, wanaume wanaingia humo na miguu iliyooshwa, wanazikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke, yanatiwa mtama, yanafunikwa kwa majani ya migomba, kesho yake ni lubisi na watu wanapeana mikono, na katika mji wa baba mkwe wake, mzee Rugaibula, mwanamke aliruhusiwa kuzimenya zile ndizi, kuteka maji, kusaga mtama, kufagia matapishi ya walevi, lakini kuukalia mtumbwi, hapana, kuuegemea, hapana, kuuruka ndiyo kabisa usitaje, mtumbwi uliokaliwa na mwanamke haukanyagwi tena milele, hakuna mwanamume wa ukoo ule atakayetia mguu wake humo, umekwisha, ni ubao kama ubao mwingine, hayo aliambiwa na mama mkwe siku ya pili ya ndoa, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo... na leo, katika siku zote ambazo Mungu ameziumba, ndiyo siku ambayo mtumbwi unakuja kuchukuliwa, shemeji yake Ishengoma, mdogo wa marehemu, ametoka Muleba tangu asubuhi na koti lake la sherehe na kofia, anamwoza mwanawe Dastan, anataka lubisi ya harusi ikanyagwe ndani ya mtumbwi wa baba yao watu waone, ukoo umekaa kikao umekubali, na yeye mwenyewe Immakulata aliulizwa mbele ya wote, Ma Immakulata, una neno? akasema sina, na huyo Ishengoma yuko hapo nje, hatua chache tu, ameupa mlango mgongo, anagombana na simu, "Mugisha! Uko wapi? Bakoba? Wewe tangu nilipokuacha uko Bakoba tu, umeoa huko?" anamsubiri kijana wa pikapu, pikapu ikifika wataingia, wataubeba, watakwenda, basi inuka, akajiambia, inuka sasa hivi, hakuna aliyeona, Ishengoma anatazama barabara, Elieth ameinamia mashine yake, mtu aliyeinuka kabla hajaonekana hakukaa, ni kama kuchungulia sadaka, Mungu anajua lakini hasemi na majirani, inuka... na goti likanyamaza kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Mashine ilikuwa inaimba, ndiyo, inaimba, hapo nako utabisha, mota zake zimetoka kwenye mashine za fotokopi zilizokufa, Elieth anatengeneza fotokopi na cherehani za watu pale Bakoba, mtaa wa hapa hapa Bukoba, mzoga mmoja mmoja akauleta nyumbani chini ya kwapa, kila mota ina sauti yake, moja inapeleka kichwa mbele na nyuma, moja kushoto na kulia, moja juu na chini, na zikienda kwa pamoja zinapanda na kushuka kama masista wanaosali sala ya jioni nyuma ya ukuta, husikii neno lolote ila unajua wanamwomba nani, au kama senene ndani ya gunia, msimu ule wanapoanguka usiku kucha kwenye taa na asubuhi gunia linahema, hivyo ndivyo lilivyo, na mama akasinzia kidogo kwa sauti ile, au hakusinzia, macho yalikuwa wazi yakitazama kichwa cha mashine kikitembea juu ya reli za droo za kabati, kabati la nani, la sebuleni, tangu siku ile droo zake hazifungiki na vijiko viko kwenye ndoo, chuma kirefu chenye nyuzi kama za skrubu kinazunguka, kichwa kinasogea, aluminiamu ya madirisha imekatwa ikafungwa kwa bolti, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, waya nyekundu, waya nyeusi, siku moja patakuwa na kisu kinachozunguka kwa kasi, alisema Elieth, kitachimba kwenye mbao ua lolote utakalolichora kwenye kompyuta, Mama, ua lolote, jani la mgomba, sura ya mtu, lakini kwa sasa badala ya kisu amefunga kalamu ya wino, nyuma ya kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita anaiambia mashine ichore duara, na mashine inatii, inachora, inaimba, na linalotoka ni yai, jana yai, juzi yai, leo tena, "Kuku wako ametaga," alimwambia, na Elieth akacheka lakini macho hayakucheka.

Wanawake wa Jumuiya waliuliza, ya kazi gani, Ma Immakulata, ataiuza? itampatia riziki? akawajibu sijui, maana hata yeye aliuliza na Elieth alimjibu, "Ya kazi gani? Nataka tu kuona kama itakwenda," jibu la mtoto, jibu la mlevi, na Edvina, jirani asiye na breki ya ulimi, akasema mtu karudi kutoka Mwanza bila mume, badala ya kutafuta mwingine anashinda kibandani anaunda chuma, na Immakulata akamwambia, Edvina mwanangu, yule wa Mwanza hakuwa na swichi ya kuzimia, hii inayo, jamaa wakacheka, sala ikaharibika, lakini njiani akirudi akawa anafikiri, nataka tu kuona kama itakwenda, yeye katika maisha yake alitaka kuona nini kama kitakwenda... alipanda kahawa kwa sababu kahawa hupandwa, alizaa kwa sababu ndoa huzaa, alisema sina kwa sababu sina ndilo neno lililokuwa karibu, limekaa mlangoni mwa mdomo miaka yote kama mbwa mzee, ukiita chochote linakuja lenyewe. "Mama," Elieth anasema sasa bila kugeuka, "unaona? Mota hazina kosa. Nimezipima mpaka nimechoka. Ni kitanda." Kitanda kimefanya nini? "Kimevimba tena." Kitanda cha mashine, ubao mpana unaobeba vyote, ulikuwa wa vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, wa kiwandani, mzuri, mweupe, ulionyooka kama askari, na Bukoba ikaufanya ilivyozoea kuvifanya vitu vya kiwandani, mvua kutwa kucha, ukungu wa ziwa unapanda mpaka ndani ya mito ya kulalia, ubao ukanywa, ukanywa, ukatunga tumbo katikati kama mwenye mimba ya miezi mitano, reli zikapinda nao, na duara likawa yai. Elieth akanunua mwingine, ukavimba vile vile. Akatafuta mbao za misonobari kwa mafundi, mbichi, zinajikunja kwenye jua kama nyoka, ndipo siku moja, akiwa hajui kama mama yuko mlangoni, akautazama mtumbwi pale ukutani, akaupiga konzi, ko, ko, akaweka sikio, akaushika kitako chake mnene ambacho shoka lilikiacha tambarare, akatoa futi ya chuma mfukoni akapima urefu, akapima upana, akapima unene, polepole, kama mwanamke anayempima mtoto kitambaa cha komunyo, akageuka akamwona mama, akasema, "Huu ndio mti ninaoutafuta. Umeloa na kukauka tangu sijazaliwa. Umeshachoka kujikunja, hauna pa kwenda tena," na mama akamwambia, kikao kimekaa, unakwenda Muleba, Desemba ni harusi ya Dastan, na Elieth hakusema kitu, hilo ndilo lilikuwa baya, angelalamika, angesema baba angenipa, angelia hata kidogo ili mtu apate la kumkemea, aliikunja futi, ikalia kirrr, akairudisha mfukoni, akasema, "Sawa, waitu," lile waitu letu la heshima, kama mtu aliyeambiwa mkate umekwisha dukani...

...sawa, waitu. Alijifunza wapi neno lile lililonyooka hivyo, sawa, akajiuliza mama juu ya mti wake wenye joto, na kalamu inatembea inazunguka upande wa juu wa karatasi, alijifunza kwangu, wapi pengine, mtoto hunyonya na maneno, na hapo kibanda kikaanza kuelea, si kwamba kilielea, lakini jua lilipenya baada ya mvua kupitia mianya ya ukuta likaja vipande vipande na mvuke ukapanda kutoka ardhini, sakafu ikawa haina uhakika, na mtumbwi chini yake ukawa kama umegeuka wenyewe na kuingia majini, mtumbwi ambao haujaliona ziwa hata mara moja, na yeye ndani yake, miguu juu, hapigi kasia, anakwenda tu, anapita juu ya migomba, juu ya mikahawa, anaona kibanja chote kwa chini, kaburi la Ildefons na sementi yake, shimo la kuivishia ndizi, na mle kwenye shimo la kumbukumbu anamwona Ildefons kijana, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakanyaga ndani ya mtumbwi huu huu, jamani miguu ile, tuseme ukweli, mdomo wake ulikuwa wa kawaida na akili yake ilikuwa ya kawaida lakini Mungu alipofika kwenye miguu alitulia, misuli inapanda inashuka chini ya ngozi kama samaki chini ya maji, povu la njano kwenye vifundo, wanaume wengine wawili pembeni wanaimba, yeye ndiye anayeitikia, na Immakulata mchanga amesimama na beseni la ndizi zilizomenywa, mbali kidogo, pale penye mpaka ambao haukuchorwa na mtu, anatazama kwa jicho moja ili mama mkwe asione kwamba anatazama, na anatamani, hakutamani pombe, pombe alikuja kuionja akaiona chungu, alitamani kujua ndani pakoje, chini ya nyayo pakoje, pana ubaridi au joto, ndizi zinapasuka vipi kati ya vidole, akamuuliza usiku ule kitandani, kuna raha gani mle ndani? na Ildefons akacheka gizani, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeulizwa maswali na mbuzi wake, akasema, "Mambo ya miguu tu," akageukia ukutani... mambo ya miguu tu.

Na alisimama. Hilo ndilo lililompata sasa, halikuja kama huzuni, yeye hana muda wa huzuni, lilikuja kama hesabu ya darasa la nne iliyokaa miaka mingi ndipo ikafunguka, kwamba alisimama, kila alipoingia humu alisimama, akiwa na mimba ya Elieth, miguu imevimba kama maboga, alisimama akisubiri wanaume wamalize kunywa ili akusanye vikombe, siku ya mvua ya mawe, nyumba kubwa inavuja, alikimbilia humu na Elieth mchanga mgongoni, kibanda kizima hakuna kitu cha kukalia ila huu mtumbwi umefudikizwa hivi hivi, hakuna mtu, hakuna jicho, na mvua haikwishi, na mtoto analia, na alisimama, alisimama mpaka mgongo ukawa si wake, akamnyonyesha mtoto amesimama kama punda, na hakumwogopa mtu maana hakukuwa na mtu, aliuogopa mti, mti, au hata mti hakuuogopa, alidhani hiyo ndiyo heshima, alidhani anabeba kitu kikubwa cha ukoo, kumbe kusimama kulikuwa kusimama tu, hakukujenga kitu, hakuna aliyepata nafuu, pombe haikuwa tamu zaidi kwa sababu yeye alisimama... Ildefons, akasema ndani ya kichwa, huku anaelea, wewe ulijua ni laini hivi? na Ildefons yuko chini yake, chini ya mtumbwi uliofudikizwa, amejificha kama kuku chini ya tenga, anasikika akicheka kile kicheko cha ukutani, basi sogea, akamwambia, sogea huko, umekaa sana, leo ni zamu yangu, na wala sikuchukii, usijisumbue, nilikupikia miaka yote na ningekupikia tena, lakini yule mtoto alipoifungua redio yako, unakumbuka, wakati wa matangazo ya vifo, tulikuwa tunasubiri jina la mjomba wako, na yeye anaivua redio nguo kwa kisu cha mezani, ulimkamata, ulimwinua juu, hukumpiga, ulimtazama sana ukasema, "Huyu angekuwa mwanamume," na watu wakaitikia kwa masikitiko kama msibani, nami nikaitikia, e-e, nikaitikia kama wote, na mtoto alikuwa amening'inia hewani anatutazama, mmoja mmoja, kama anatafuta ni nani kati yetu atakayemshusha chini...

"Ndiyo! Hapo Kanoni! Pita daraja, panda, usiingie shuleni!" Ishengoma anapaza sauti, pikapu iko karibu, inanguruma mahali fulani nyuma ya migomba, inateleza kwenye tope, na akili ikamgonga mama begani, mara ya mwisho hii, inuka, hujaonekana bado, neno lako ulilitoa mbele ya watu, sina, ulisema, mtu mzima halambi mate aliyotema, na Ishengoma si mtu mbaya, anapenda kuonekana tu, nani asiyependa, alikuletea sukari msibani, na Dastan anataka kuoa na atakumbuka harusi yake maisha yote, na wazee wa Muleba watakaa, watakunywa, watasema huu ni mtumbwi wa Rugaibula, watatikisa vichwa, na huyu hapa atabaki na yai lake kwenye karatasi, atasema sawa, waitu, atatafuta ubao mwingine, utavimba, atatafuta mwingine, miaka itapita, siku moja atafunika kila kitu kwa gunia, na mtu akimuuliza ile mashine iliishia wapi atasema nilitaka tu kuona kama itakwenda, na atasimama hapo, akiwa na beseni mkononi... goti halikuuma tena. Hilo alilisikia wazi. Goti lilikuwa tayari, miguu yote miwili ilikuwa tayari, ingemwinua bila hata kuomba msaada wa ukuta, hapakuwa na goti la kusingizia tena, palikuwa na yeye peke yake na mti, na hapo ndipo alipokaa kweli, maana mara ya kwanza alianguka tu, sasa akarudi nyuma kidogo, akajisogeza mpaka mgongo ukaugusa ukuta, akatandaza gauni pande zote mbili vizuri kama mtu anayepigwa picha ya familia, akaweka mikono mapajani, na mwili wote ukashuka ndani ya lile joto, kama mkate kwenye chai.

Elieth akageuka ndipo akaona. Mkono uliokuwa unakwenda kuzima kompyuta ukabaki hewani. "Mama." Naam. "Mama, umekaa... hapo ni..." Najua hapo ni wapi, hapa palikuwapo kabla yako. "Baba mdogo yuko nje! Inuka, hajaona, nishike mkono, inuka haraka!" na kweli akaja na mkono, mkono wenye grisi mpaka kwenye kiwiko, na mama akautazama ule mkono, akautazama uso, ile sura, ile ya mtoto aliyening'inia hewani, imeota mvi mbili tatu kwenye masikio, akasema, "Endelea na duara lako," na nje mlango wa pikapu ukabamizwa, viatu vinatua kwenye tope, Ishengoma anaeleza tayari kwa sauti ya mwenyekiti, "tutaushika hivi, wewe mbele mimi nyuma, ni mzito, usidhani ni mbao za siku hizi," mwanga wa mlangoni ukazibwa na koti, nyuma ya koti kichwa cha Mugisha na kofia yake, na Ishengoma akaingia anatabasamu, "Haya, Shemeji, gari lime..." na neno likafia hapo hapo. Mota zinaimba. Ishengoma alitazama gauni, akatazama ukuta, akatazama gauni tena kama anayetafuta kigoda chini yake, na koti lake likaonekana kubwa ghafla. "Ma Immakulata," akasema polepole, na hapo ndipo huruma ilipotaka kumwingia mama maana yule mzee alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea, "umeegemea tu. Si umeegemea? Umechoka, umeegemea ukuta. Mugisha, umeona kwamba ameegemea ukuta." Mugisha akasema yeye hajui, yeye ni dereva. "Ameegemea," akasema Ishengoma, karibu anaomba, na mama akajua ni neno moja tu, ndiyo, nimeegemea, lingetosha, wangeubeba, hakuna ambaye angesema zaidi, na lile neno la zamani likaja mbio mlangoni mwa mdomo kama lilivyozoea, likakuta pamejaa.

"Nimekaa," akasema. "Tangu mvua ikatike nimekaa. Na usingizi ulikuwa unanijia, mzuri sana, mkanikatiza."

"Kwa kusudi?"

"Mwanzo hapana. Sasa hivi ndiyo."

Ishengoma akavua kofia, akaivaa, akavua. "Kwenye kikao ulisema huna neno!"

"Sikuwa nalo. Nimelipata."

"Na harusi? Tutakanyagia wapi? Mwanangu aoe kwa pombe ya mapipa ya plastiki kama mtu asiye na kwao?"

"Yaoshe vizuri tu yale mapipa, waitu, yasinuke mafuta ya taa. Dastan anaoa mke, haoi mtumbwi."

"Wazee wakiniuliza nini kimetokea, niwaambie nini mimi?"

"Waambie shemeji yako ana makalio. Wakibisha waje, nitawaonyesha nilipokaa."

Mugisha akageukia migomba mabega yakimtikisika, na Ishengoma hakucheka, alisimama, mikono imeshuka, na ikawa zamu yake kusimama na kutojua aiweke wapi mikono, na mama akalijua lile simama, akaliona lilivyo refu, ndipo akainuka, polepole, bila mkono wa mtu, akaliweka gauni sawa, akamshika shemeji yake kiwiko kama mtu anayemtoa mgeni kwenda kula, "Twende, Ishengoma, kuna matoke na maharage, utakasirika vizuri ukishiba, na wewe dereva njoo, umetoka Bakoba mbali huko," akawatanguliza, mmoja akinuna mmoja akijiuma midomo, na nyuma yake Elieth bado amesimama na kalamu imefika inakotakiwa kufika, yai lile lile kwenye karatasi, mota zimenyamaza, "Mama," anasema, "Mama, nisikilize, kama nikiukata haurudi tena, umefikiri?" na yeye hakugeuka, alisema tu, "Na mimi sirudi tena kuuangalia, ukate," akatoka, akauvuta mlango wa kibanda kwa mikono miwili, akaufunga.